Tumbo Lenye Gesi Isiyokwisha: Nafasi ya Makapimlo na Dawa za Gesi katika Ugonjwa wa Utumbo Kukereka

Katika mwalo wa Kirumba jijini Mwanza, biashara ya dagaa huanza kabla jua halijachomoza. Msomaji na amfikirie mama mmoja mwenye umri wa miaka 38, mchuuzi wa dagaa mwaloni hapo. Hana jina, kwa kuwa si mtu mmoja: sura yake imekusanywa kutokana na malalamiko ambayo madaktari wa magonjwa ya tumbo wa Kanda ya Ziwa huyasikia kila wiki.

Kwa miaka mitano tumbo lake limekuwa likimsokota. Asubuhi huamka likiwa bapa; ikifika saa tisa alasiri limejaa kama ngoma, na kanga aliyoifunga alfajiri humbana. Siku nyingine huenda haja mara nne kabla ya saa nne asubuhi. Kisha hupita siku tatu bila choo. Maumivu hupungua akipata choo, halafu hurudi. Amekwisha kuambiwa ana amiba, ana taifodi, ana vidonda vya tumbo. Amemeza vidonge vya metronidazo mara nyingi hata hawezi kuhesabu. Amekunywa unga wa kutoa povu, amelamba magadi, ametafuna mkaa. Jirani mmoja amemwambia kwamba amerogwa. Mwingine amemwambia kwamba ni saratani. Hilo la pili ndilo linalomnyima usingizi.

“Shikamoo, daktari,” husema mgonjwa kama huyu anapofika kliniki. “Gesi imenimaliza. Dawa zote nimeshatumia.”

“Marahaba, mama. Pole sana. Hebu tuanze mwanzo kabisa.”

Mwanzo huo ndio unaoelezwa katika makala haya.

Ugonjwa usioonekana katika kipimo

Ugonjwa wa utumbo kukereka, ambao katika mafaili ya hospitali huandikwa kwa herufi tatu, IBS, ni hali ambayo utumbo mpana na mwembamba huwa na umbo la kawaida lakini haufanyi kazi kwa utulivu. Ukichungulia kwa kamera hutaona kidonda. Ukikata kinyama na kukitazama kwa hadubini, kwa kawaida hutakuta dosari ya kuyaeleza maumivu. Hata hivyo maumivu ni ya kweli. Mishipa ya fahamu ya utumbo hupeleka taarifa kwenye ubongo kwa nguvu kupita kiasi, na ubongo nao huzipokea kwa ukali, kiasi kwamba kunyooka kidogo kwa utumbo, ambako mtu mwingine asingekuhisi kabisa, huwa maumivu kwa mgonjwa. Misuli ya utumbo nayo husukuma chakula haraka mno au polepole mno. Ndiyo maana wengine huhara, wengine hupata choo kigumu, na wengine, kama mama wa mfano wetu, hupata vyote kwa zamu.

Wataalamu duniani hutumia vigezo vilivyochapishwa mwaka 2016 na jopo la kimataifa linalojulikana kwa jina la mji wa Roma. Kwa vigezo hivyo, mgonjwa awe na maumivu ya tumbo yanayojirudia, kwa wastani angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, na dalili ziwe zimeanza si chini ya miezi sita nyuma. Maumivu hayo yaambatane na angalau mambo mawili kati ya matatu: yahusiane na kwenda haja kubwa, yaende pamoja na mabadiliko ya idadi ya safari za chooni, au yaende pamoja na mabadiliko ya umbo la choo.

Ugonjwa huu si wa nchi tajiri peke yake, wala si wa watu wavivu. Utafiti mkubwa wa jopo hilohilo, uliochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha zaidi ya watu 73,000 katika nchi 33, ulionesha kwamba takribani watu 4 kati ya 100 waliojibu kwa njia ya intaneti walikuwa na hali inayokidhi vigezo hivyo. Watu wengi zaidi walikuwa na kero nyingine za tumbo za namna hiyo, kama vile kujaa gesi au kukosa choo bila chanzo kinachoonekana.

Kwa baadhi ya wagonjwa, mwanzo wake ni maambukizi. Mtu huugua kuhara vibaya, kuhara huko hupona, lakini utumbo hubaki na ukali wake. Inakadiriwa kwamba takribani mtu mmoja kati ya kumi wanaougua maambukizi makali ya utumbo huweza kubaki na hali hii kwa muda. Mjini Walkerton nchini Canada, maji ya bomba yalipochafuliwa mwaka 2000 na maelfu wakaugua, watafiti waliwafuatilia wakazi kwa miaka na kuliona jambo hilo waziwazi. Katika mwambao wa ziwa, ambako kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara hurudi mara kwa mara, funzo hilo lina uzito wa pekee.

Ziwa kwanza, gesi baadaye

Hapa ndipo daktari wa Mwanza anapotofautiana na mwenzake wa London. Kitabu kilichoandikwa Ulaya humwambia daktari kwamba mgonjwa kijana asiye na dalili za hatari anaweza kupewa jina la IBS kwa vipimo vichache. Kando ya Ziwa Victoria, kabla ya kulitamka jina hilo, ni lazima ziwa lenyewe liulizwe.

Kichocho cha matumbo, kinachosababishwa na mnyoo uitwao Schistosoma mansoni, kimeenea sana katika jamii za mwambao na visiwani, kuanzia Ukerewe hadi Sengerema. Konokono wa ziwani hutoa viluwiluwi vinavyopenya ngozi ya mtu anayevua, anayefua, anayeoga au anayechota maji. Minyoo hukaa katika mishipa ya damu inayouzunguka utumbo na kutaga mayai, na baadhi ya mayai hupasua ukuta wa utumbo yakielekea chooni. Mgonjwa hulalamika nini? Maumivu ya tumbo, kuhara kwa vipindi, tumbo kujaa, uchovu. Ni maneno yaleyale ya mama wa mwaloni. Tofauti ni kwamba kichocho kisipotibiwa huweza kulikomaza ini, kuvimbisha bandama na kupasua mishipa ya damu ya koo la chakula, mgonjwa akatapika damu ghafla. Mtu aliyekuwa akinywa dawa za gesi miaka kumi huku kichocho kikimla ini amedhulumiwa na jina la ugonjwa.

Kipimo chake ni choo chini ya hadubini. Kwa kuwa mayai hayatoki kila siku kwa wingi uleule, choo cha siku moja kisichoonesha kitu si uthibitisho. Ni vema kupima zaidi ya mara moja. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa kawaida kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa mara moja. Anayerudi ziwani huweza kuambukizwa tena. Kwa hiyo historia ya kutibiwa zamani haitoshi kuondoa shaka.

Katika mfano huu, choo cha kwanza cha mama hakikuonesha kitu. Cha pili kilionesha mayai ya kichocho. Alitibiwa, na vipimo vya marudio baada ya wiki kadhaa vilikuwa safi. Maumivu yalipungua kidogo, lakini tumbo liliendelea kujaa kila alasiri na choo kiliendelea kubadilika. Wagonjwa wengi wa mwambao huwa hivyo: wana mawili kwa pamoja, na kulitibu moja hakulifuti la pili.

Yapo mengine ya kuchunguzwa kwa kadiri ya mgonjwa: vimelea vya giadia na amiba kwa kipimo halisi badala ya kubahatisha, virusi vya UKIMWI, upungufu wa damu, tezi ya shingo, na kifua kikuu cha tumbo pale dalili zinapoashiria. Kipimo cha Widal cha taifodi kisitumiwe kama hukumu. Huonesha majibu chanya kwa watu wengi wasio na taifodi, na kimewafanya wengi wameze viuavijasumu wasivyovihitaji, jambo ambalo lenyewe huvuruga bakteria wa utumbo na kuzidisha gesi.

Zipo dalili ambazo zikionekana jina la IBS huwekwa kando na mgonjwa hupelekwa kwenye uchunguzi wa kina, ikiwamo kamera ya utumbo katika hospitali za rufaa kama Bugando: damu katika choo au choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila kukusudia, homa ya muda mrefu, upungufu wa damu, maumivu au kuhara kunakomwamsha mtu usingizini, uvimbe unaopapasika tumboni, dalili zilizoanza kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 50, au ndugu wa karibu aliyepata saratani ya utumbo. Kwa mwanamke wa makamo, tumbo kujaa kusikoisha, kulikoanza karibuni, kuchunguzwe pia kwa upande wa mifuko ya mayai.

Somo lililoanzia ng’ambo ya ziwa

Ushauri wa kwanza ambao wagonjwa wengi hupewa ni “kula makapimlo”, yaani zile sehemu za mimea ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzimeng’enya. Wachache wanajua kwamba sehemu kubwa ya wazo hilo ilipata nguvu katika nchi zinazolizunguka ziwa hili.

Hugh Trowell, tabibu Mwingereza, alifika Afrika Mashariki mwaka 1929 na kufanya kazi Kenya na kisha Uganda kwa takribani miaka 30. Mwaka 1960 alichapisha kitabu kuhusu magonjwa yasiyo ya kuambukiza barani Afrika, akieleza jinsi maradhi yaliyokuwa ya kawaida Uingereza yalivyokuwa adimu kwa Waafrika wa vijijini. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland, alifika Uganda mwaka 1946, akahudumu Lira na baadaye Mulago, Kampala. Jina lake linajulikana zaidi kwa saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958, na kwa safari yake ya gari ya mwaka 1961 kutoka Kampala kuelekea kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali kwa hospitali ilipoonekana saratani hiyo.

Baada ya kurejea Uingereza, Burkitt aligeukia choo. Mwaka 1972, yeye na wenzake walichapisha ulinganisho wa uzito wa choo na muda ambao chakula huchukua kupita tumboni. Wanakijiji wa Uganda walitoa choo cha zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kiliwapitia kwa takribani siku moja na nusu. Waingereza waliopimwa walitoa kama gramu 100, na chakula kiliwachukua zaidi ya siku tatu. Burkitt alihitimisha kwamba makapimlo ndiyo tofauti, na kwamba upungufu wake huchangia maradhi mengi.

Si yote aliyoyasema yaliyothibitika. Kwa ugonjwa wa utumbo kukereka, wimbi lile la kuwapa wagonjwa wote pumba za ngano lilileta majuto. Madaktari wa Manchester waliripoti mwaka 1994 kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wao wa IBS walisema pumba ziliwazidishia dalili. Swali likawa: ni makapimlo ya aina gani?

Makapimlo mawili yasiyofanana

Makapimlo yasiyoyeyuka ndiyo yale magumu: pumba za ngano na za mahindi, maganda ya nafaka, nyuzi za mboga zilizokomaa. Huongeza ukubwa wa choo na kukisukuma, lakini kwa utumbo wenye ukali huweza kuuchokoza. Makapimlo yanayoyeyuka hunyonya maji na kuwa kama ute. Ute huo hukilainisha choo kigumu na hukishikanisha choo chepesi. Kwa hiyo humfaa hata mgonjwa ambaye dalili zake hupishana.

Utafiti uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2009 ulilipima jambo hili kwa wagonjwa 275. Kundi moja lilipewa gramu 10 za ispaghula kwa siku, yaani maganda ya mbegu za mmea ambao Wahindi huuita isabgol. La pili lilipewa gramu 10 za pumba. La tatu unga wa mchele usio na athari. Ispaghula ndiyo iliyopunguza dalili. Waliopewa pumba waliacha utafiti kwa wingi, hasa mwanzoni, wakilalamika kuzidiwa. Miongozo ya Marekani na ya Uingereza ya mwaka 2021 inapendekeza makapimlo yanayoyeyuka, na inaonya dhidi ya yale magumu.

Ispaghula hupatikana katika maduka mengi ya dawa ya mijini na katika baadhi ya maduka ya viungo vya Kihindi. Kosa la kawaida ni kuanza na kipimo kikubwa. Bakteria wa utumbo wanapokutana na makapimlo mapya kwa wingi hutoa gesi nyingi, na mgonjwa huitupa dawa siku ya tatu. Inafaa kuanza na nusu kijiko cha chai hadi kijiko kimoja kwa siku, kuongeza kidogo kila wiki, na kuishia kwenye takribani gramu 7 hadi 10 kwa siku kwa kadiri tumbo linavyoruhusu. Kila kipimo kikorogwe katika bilauri nzima ya maji na kinywewe mara moja kabla hakijaganda, kisha bilauri nyingine ifuate. Kuimeza kavu ni hatari, kwa kuwa huvimba na huweza kuziba koo au utumbo. Asiitumie mtu mwenye shida ya kumeza au aliyewahi kuziba utumbo. Dawa nyingine zimezwe angalau saa mbili kabla au baada yake. Matokeo yahukumiwe baada ya wiki nne, si siku nne.

Asiyeweza kununua ispaghula hana sababu ya kukata tamaa. Sahani ya Kanda ya Ziwa ina makapimlo yanayoyeyuka tele. Mlenda na bamia, kwa ule utelezi wake, ni mfano ulio wazi. Viazi vitamu, vikiwamo vile vilivyokaushwa vya michembe na matobolwa, karoti, maboga, papai na machungwa vyote huchangia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za makapimlo kwa siku kutoka kwenye vyakula, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Mkazi wa mjini anayekula ugali wa sembe nyeupe, chipsi na maandazi huwa mbali na kiwango hicho. Kurudi kwenye dona ni jambo jema kwa watu wengi, lakini kwa mgonjwa wa utumbo kukereka kufanyike polepole, kwa kuchanganya dona na sembe kwanza, kwa kuwa dona ina pumba.

Gesi hutoka wapi?

Mtu mwenye afya hutoa upepo mara 10 hadi 20 kwa siku. Gesi nyingine ni hewa tunayomeza tunapokula kwa haraka, tunapoongea huku tukitafuna, tunapotafuna bazoka au kunywa soda. Nyingine hutengenezwa na bakteria wa utumbo mpana wanapochachusha sukari ambazo utumbo mwembamba ulishindwa kuzimeng’enya.

Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walipima kiasi cha gesi ndani ya matumbo ya watu waliokuwa wakilalamika kujaa gesi, wakakilinganisha na cha watu wasio na malalamiko. Kiasi kilikuwa karibu sawa, takribani mililita 200 tu. Utafiti wa baadaye ulionesha kwamba kwa wengi shida ni namna utumbo unavyohisi gesi hiyo na namna kiwambo cha chini ya mapafu kinavyokaza na misuli ya tumbo inavyojiachia isivyostahili. Mama anayesema tumbo limejaa hasemi uongo: limevimba kweli. Ila wingi wa gesi si lazima uwe ndio chanzo, na ndiyo maana dawa ya kuondoa gesi peke yake mara nyingi humwangusha.

Vyakula hata hivyo vina mchango. Maharage, kunde, choroko na njugumawe vina sukari za rafinosi na stakiosi ambazo mwanadamu hana kimeng’enya cha kuzivunja. Kuviacha kabisa ni hasara, kwa kuwa ndivyo protini ya kaya nyingi. Kuloweka maharage usiku kucha, kumwaga maji hayo, kuyachemsha kwa muda, kumwaga tena na kuyapika kwa maji mapya hupunguza sukari hizo. Kuanza na vijiko vichache kwa mlo humpa mgonjwa nafasi ya kujua kiwango chake. Vitunguu maji, vitunguu saumu, ngano na maembe nayo huwasumbua baadhi ya watu.

Maziwa yana habari yake. Watu wazima wengi duniani hupoteza uwezo wa kumeng’enya sukari ya maziwa. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff na kuchapishwa mwaka 2007, uliowahusisha Watanzania, Wakenya na Wasudani, uligundua badiliko la kijeni linaloziwezesha baadhi ya jamii, hasa za wafugaji, kuendelea kunywa maziwa bila shida, nalo ni tofauti na lile la Wazungu. Kwa hiyo majirani wawili wa mtaa mmoja wa Mwanza wanaweza kunywa bilauri moja ya maziwa mabichi, mmoja akalala fofofo na mwingine akakesha na mngurumo. Jaribio ni rahisi: maziwa yaachwe wiki mbili, dalili ziandikwe, kisha yarudishwe. Mtindi kwa kawaida huvumilika vizuri zaidi.

Dawa za gesi: zipi, na kwa kiasi gani

Simethikoni ndiyo dawa ya gesi inayouzwa zaidi, peke yake au ndani ya vidonge vya kutafuna vya kupunguza asidi. Haipunguzi kiasi cha gesi. Huunganisha mapovu madogo kuwa makubwa ili yatoke kwa urahisi. Haiingii katika damu, na ni salama kwa watu wengi. Ushahidi kwamba ikitumiwa peke yake hutibu IBS ni dhaifu. Anayeona inampa nafuu baada ya mlo aitumie, bila kupita miligramu 500 kwa siku na bila kuifanya kuwa tiba yote.

Mkaa wa dawa, ule uliotengenezwa maalumu, hunasa vitu juu ya chembe zake. Hunasa pia dawa nyingine: vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za kisukari, za kifafa na za kufubaza virusi. Aidha hukifanya choo kuwa cheusi na hivyo huweza kuficha damu. Mkaa wa jikoni si dawa na usiliwe.

Unga wa kutoa povu na magadi humfanya mtu acheue, akadhani gesi imetoka. Gesi aliyoicheua ni ile iliyotengenezwa na unga wenyewe ulipokutana na asidi. Vyote viwili vina sodiamu nyingi. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa figo, na mjamzito, wasivizoee.

Vimeng’enya vya alfa-galaktosidesi, vinavyomezwa pamoja na tonge la kwanza la maharage, hufanya kazi ya kuvunja zile sukari za kunde, ingawa bei yake ni kubwa kwa wengi na havipatikani kila duka. Mafuta ya mnanaa yaliyofungwa katika vidonge vinavyoyeyukia utumboni hulegeza misuli na yana ushahidi mzuri zaidi kwa maumivu ya IBS, ila huweza kuleta kiungulia.

Ubongo na utumbo ni majirani

Mgonjwa akiambiwa kwamba msongo wa mawazo huzidisha dalili, mara nyingi husikia kwamba anaambiwa anajisingizia. Daktari analo jukumu la kueleza vizuri. Kila mwanafunzi aliyewahi kuharisha asubuhi ya mtihani anajua kwamba ubongo na utumbo huzungumza. Deni la vikoba, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, usingizi wa saa nne kwa sababu ya soko la alfajiri: vyote hivi hupita tumboni.

Kwa sababu hiyo, dawa zinazotuliza mawasiliano hayo zina nafasi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha wagonjwa 463 ambao hatua za kwanza hazikuwasaidia vya kutosha, ulionesha kwamba amitriptilini ya kiwango kidogo, miligramu 10 hadi 30 usiku, iliwapa nafuu kuliko kidonge bandia. Dawa hiyo hutolewa kwa maelekezo ya daktari. Kuitumia kwa kiwango hicho hakumaanishi kwamba mgonjwa ana ugonjwa wa akili. Kutembea kwa miguu, kula kwa saa zinazoeleweka na kulala vya kutosha navyo ni sehemu ya matibabu.

Baada ya miezi mitatu

Mama wa mwaloni alipewa kazi ya kuandika katika daftari la shule: alichokula, hali ya choo, maumivu kwa alama kutoka sifuri hadi kumi. Aliacha soda ya mchana na maziwa. Maharage aliendelea nayo, yakiwa yamelowekwa. Alianza ispaghula kwa nusu kijiko, akaongeza taratibu, na mlenda ukarudi katika mboga za nyumbani. Vidonge vya simethikoni alivibakiza kwa siku za sherehe. Metronidazo aliiacha.

Aliporudi kliniki baada ya miezi mitatu hakuwa amepona kabisa, wala hakuahidiwa hivyo. Siku za maumivu zilikuwa zimepungua kutoka tano kwa wiki hadi moja au mbili. Wiki aliyokosa dagaa kwa sababu ya mbalamwezi, tumbo lilikuwa limemsumbua tena, na daftari lilionesha hivyo. Swali lake la mwisho kabla ya kuondoka lilikuwa lile lile alilokuja nalo siku ya kwanza.

“Kwa hiyo, daktari, si saratani?”

“Si saratani, mama. Lakini ukiona damu, au ukianza kukonda bila sababu, usisubiri tarehe ya kliniki. Njoo siku hiyohiyo. Na choo tutakipima tena mwakani, kwa kuwa ziwani bado unaingia.”